Zumari la Vita Makaburini

Leo nataka kuwaeleza juu ya chombo cha muziki cha Waskoti, watu wa kaskazini ya kisiwa cha Waingereza. Mtaniuliza: zumari la Ulaya latuhusu nini sisi tuliokimbia masasi? Baba na mama, mnivumilie kidogo. Wengi wenu mliacha wafu wenu njiani bila matanga, na wakuu wenu wanaulizana sasa namna ya kuwakumbuka.

Chombo chenyewe ni mfuko unaobanwa chini ya kwapa. Mpigaji anaujaza pumzi kwa mdomo, kisha anaukamua kwa mkono. Hewa inapita katika zumari moja lenye matundu, ambalo lina sauti tisa tu, na katika mirija mitatu inayolala begani, ambayo yanguruma sauti moja bila kukoma. Mpigaji hawezi kuupunguza mlio wala kuuongeza. Chumbani linaumiza masikio, lakini nje, uwanjani penye upepo, lasikika mbali bila mikro. Ndiyo sababu lilipendwa vitani, na ndiyo sababu leo lapendwa makaburini.

Mwaka 1745 sehemu ya Waskoti iliasi, ikitaka kuurudisha ufalme wa jamaa ya Stuart. Mpigaji mmoja, James Reid, alikamatwa akapelekwa mbele ya tribinali mjini York. Alijitetea kwamba hakushika silaha yoyote, alipiga zumari tu. Waamuzi walijibu kwamba kikosi cha watu wa milimani hakitembei kamwe bila mpigaji wake. Kwa hiyo, machoni pa sheria, zumari ni chombo cha vita. Akanyongwa Novemba 1746. Mimi niliyesomea sheria, hukumu hiyo inanisumbua kila nikiikumbuka. (Mwaka 1996, mjini London, mtu mmoja alishtakiwa kwa kupiga zumari hilo katika bustani ya watu wote, mahali palipokatazwa muziki. Alijitetea kwa hukumu hiyo hiyo: chake si chombo cha muziki, ni silaha! Hakimu hakumkubalia.)

Lakini tusiwe wepesi wa kuwacheka waamuzi wa York. Katika vita vya 1914-1918 wapigaji walitoka mahandakini mbele ya askari, mikononi hawana bunduki, na mamia yao waliuawa. Tarehe 6 Juni 1944, Bill Millin alilipiga lake ufukweni Normandie huku masasi yakipita, kwa amri ya mkuu wake. Zumari lilitia watu moyo wa kuua na wa kufa. Hilo ni kweli, wala halifichwi.

Basi lilifikaje makaburini? Kuna muziki mmoja wa kilio uitwao Maua ya Msitu. Wakumbukwa nao wafu wa Flodden, ambako mwaka 1513 jeshi la Skotilandi lilivunjwa na Waingereza, na mfalme James wa nne mwenyewe akauawa. Angalieni: ni kilio cha walioshindwa. Hata hivyo leo hupigwa kwa ajili ya askari wa Uingereza nzima. Wapigaji wengi hawakubali kuupiga mbele ya watu ila kwenye mazishi na ukumbusho, wanajifunza faraghani. Na zumari linapopigwa peke yake halitaji jina la mtu, wala kabila, wala upande.

Jiwe halina uhuru huo. Uasi wa 1745 ulimalizika uwanjani Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, kwa mapigano yasiyotimiza saa moja. Mwaka 1881 mwenye ardhi aliweka mawe juu ya makaburi ya pamoja, yakiandikwa majina ya koo za walioasi. Upande wa jeshi la serikali liliwekwa jiwe moja lisemalo kwamba hapo ni uwanja wa Waingereza. Lakini katika jeshi la serikali walikuwamo Waskoti wengi! Ndugu walipigana na ndugu, kisha jiwe likawageuza wengine kuwa wageni katika nchi yao wenyewe. Nyinyi wakuu mnaotaka kuandika majina ukutani, fikirini jiwe hilo kabla ya kumwita fundi. Ulizeni kwanza katika kila jamaa, hata zile ambazo watoto wao walibeba bunduki upande wa pili.

Kila Aprili watu hukusanyika tena Culloden, na zumari hupigwa. Katika sherehe za namna hiyo, mara nyingi mpigaji husimama mbali kidogo na watu. Akikaribia mwisho hugeuka, akaenda zake akiendelea kupiga, nao hubaki wamesimama mpaka wasimsikie tena.