Choki au Farumi?

Fundi alishusha taa ya tyubu iliyokuwa ikivuma usiku kucha, akafungua kifuniko, akanipa choki niishike. Nzito kama nusu tofali, na kiganja kikapata moto ingawa umeme ulikwishazimwa.

Choki. Mafundi wamelitoa neno hili kwenye Kiingereza, na maana yake ni kukaba. Limekaa mahali pake. Mvuke wa zebaki ndani ya tyubu ukishawaka, kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo ukinzani unavyopungua; ukiachiwa, tyubu huvuta umeme hadi iungue. Waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma huukaba mkondo huo koo.

Ukabaji huo una gharama. Tyubu ya wati 36 hutumia takriban volti 100 tu. Penye umeme wa volti 230, choki hubeba tofauti, na yenyewe hula kama wati 9 zinazogeuka joto, jumla 45. Volti zikizidi, mkondo nao huzidi: ukipanda kwa asilimia 10, joto la shaba hupanda kwa 21. Marekani, penye volti 120 majumbani, tofauti inayobaki haitoshi kuituliza tyubu ndefu kama hiyo. Inabidi kifaa kipandishe volti kwanza, na kupandisha nako kuna upotevu wake.

Kisha fundi akafunga kifaa kipya, chepesi, kisichovuma. Hiki hubadili mwendo wa umeme kutoka mizunguko 50 kwa sekunde hadi zaidi ya 20,000. Kwa mwendo huo tyubu hutoa mwanga uleule kwa wati 32, na kifaa na tyubu kwa pamoja hula kama 36. Fundi akakiita "choki ya elektroniki". Hapo ndipo neno lilipoanza kunibana, maana koili iliyomo ni kijisehemu tu cha kifaa kizima.

Kiingereza kina jina la pili la kifaa hiki, balasti, lililoazimwa kwa mabaharia. Wengi wetu tunaliandika hivyohivyo, ilhali watu wa pwani wana lao tangu zamani: farumi. Ni mawe au mchanga unaopakiwa chomboni kisipokuwa na shehena, kisije kikapinduliwa na mawimbi. Farumi haina nauli, lakini bila hiyo hakuna safari. Nahodha anayejua kazi hupakia ya kutosha, hazidishi.

Sijapata maelezo bora ya ufanisi wa nishati kuliko hayo. Choki na libaki jina la koili, kwa heshima ya mafundi waliolizoesha. Kifaa chochote kinachoituliza taa, kiwe cha chuma au cha elektroniki, tukiite farumi, ili jina lenyewe litukumbushe kuuliza uzito wake. Zile wati 9 zilizonipasha kiganja zilikuwa mawe yaliyozidi chomboni.