Rasimu Iliyogeuka Ahadi: Mapokezi ya Matoleo ya Majaribio ya Windows Yaliyovuja, 2002–2021, na Funzo Lake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya programu za kompyuta huandikwa zaidi kwa kufuata tarehe za uzinduzi. Bidhaa hutangazwa, huuzwa, husifiwa au hulaumiwa, na mwandishi wa historia huanzia hapo. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza matoleo ya majaribio ya mfumo endeshi wa Windows yaliyofika mikononi mwa watu kabla ya wakati uliokusudiwa, na namna yalivyopokewa. Mifano miwili inatumika: mradi wa Longhorn kuanzia mwaka 2002, na Windows 11 mwaka 2021. Hoja kuu ni kwamba umma uliposhika rasimu uliisoma kama ahadi, na kwamba hata hivyo wasomaji hao wasioalikwa walikuwa na nafasi ambayo wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa bado hawajaipata: kuona kazi ingali inabadilika.

2. Kuvuja na kuvujisha

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Paa huvuja, mtungi huvuja, na siri nayo huvuja. Kitenzi hiki hakimtaji mtendaji. Lawama hubaki kwa tundu. Kauli ya kutendesha, vujisha, ndiyo inayomrudisha mtu katika sentensi. Wapenzi wa kompyuta husema toleo fulani “limevuja”, kana kwamba lilijitoa lenyewe ghalani. Kwa hakika kila toleo la aina hiyo lilipita mikononi mwa mtu aliyeruhusiwa kulifikia, au aliyelipata kwa mwenye ruhusa hiyo. Kauli isiyomtaja mtendaji imeathiri pia namna historia hii inavyosimuliwa: tunajua vizuri namba za matoleo yaliyovuja, lakini mara nyingi hatumjui aliyeyatoa wala nia yake. Kwa hiyo ushahidi tulio nao ni wa upande wa wapokeaji.

3. Longhorn: kituo kidogo kilichogeuka safari ndefu

Windows XP, ambayo jina lake la ndani lilikuwa Whistler, iliingia sokoni tarehe 25 Oktoba 2001. Toleo kubwa lililopangwa kuifuata liliitwa Blackcomb. Whistler na Blackcomb ni milima miwili ya jimbo la British Columbia, Kanada, na Longhorn ni jina la baa iliyopo katika eneo hilohilo. Jina lilibeba mpango: Longhorn kingekuwa kituo kidogo cha kupumzikia kati ya milima miwili, na kilitarajiwa mwaka 2003.

Mnamo Novemba 2002 toleo namba 3683 lilivuja. Miezi ya mwanzo ya mwaka 2003 yalifuata mengine, yakiwemo 4008 na 4015. Wapenzi wa kompyuta waliyasakinisha, wakapiga picha za kioo na kuzisambaza. Walichokizungumzia zaidi ni sura: rangi mpya za madirisha na ukanda wa pembeni ulioonyesha saa. Walilalamikia pia uzito wa matoleo hayo na jinsi yalivyokula kumbukumbu ya mashine. Jambo hili lina sababu. Mtu asiye mhandisi hawezi kuusoma ubora wa msimbo. Anachoweza kukisoma ni kiolesura, yaani maneno, rangi na mpangilio. Hivyo hukumu ya umma ilitolewa juu ya sehemu ambayo katika rasimu ni rahisi zaidi kubadilika.

Mnamo Oktoba 2003 Microsoft yenyewe iliufungua mlango. Katika mkutano wa waandaaji wa programu uliofanyika Los Angeles, iliitangaza Longhorn kuwa mfumo wenye misingi mikubwa mitatu: Avalon kwa ajili ya michoro, Indigo kwa ajili ya mawasiliano, na WinFS, njia mpya ya kuhifadhi data ambayo ingemwezesha mtumiaji kupata mafaili kwa uhusiano wake badala ya mahali yalipowekwa. Haki inadai tutofautishe mambo mawili. Matoleo yaliyovuja yalionyesha majaribio, ilhali mkutano ulitoa ahadi. Umma haukuyatenganisha, picha za mwaka 2002 na maneno ya mwaka 2003 vilishonwa kuwa kitambaa kimoja.

Mwezi Agosti 2004 kampuni ilitangaza kwamba WinFS haitakuwamo katika Longhorn. Kazi ilianzishwa upya juu ya msimbo wa Windows Server 2003. Mfumo uliozaliwa, Windows Vista, uliuzwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 30 Januari 2007, zaidi ya miaka mitano baada ya XP. Ukanda wa pembeni ulirudi, lakini kwa umbo dogo. Vista ilikuwa na matatizo yake halisi, hasa mahitaji makubwa ya mashine na uhaba wa viendeshi vya vifaa. Hata hivyo ilipimwa pia kwa kipimo ambacho bidhaa nyingi hazipimwi nacho: rasimu zake zenyewe. Wahenga walisema ahadi ni deni, na hapa hata jaribio lililotupwa liliandikwa katika daftari la madeni.

4. Kutoka usiri hadi ualikwa

Kampuni ilijibu kwa njia mbili zinazokinzana. Kwanza ilibana midomo: wakati wa kutengenezwa kwa Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, viongozi wa mradi waliepuka kutangaza mambo ambayo hayajaiva. Kisha, kuanzia Oktoba 2014, ilianzisha programu ya Windows Insider, ambamo mtu yeyote aliyejiandikisha angeweza kupokea matoleo ya majaribio na kutuma maoni. Kile kilichokuwa wizi mwaka 2002 kilipewa njia halali.

Hata hivyo, kuvuja hakukuisha. Katikati ya Juni 2021, siku chache kabla ya tangazo rasmi la tarehe 24, toleo la Windows 11 namba 21996 lilisambaa. Mjadala wa kwanza ulifanana na ule wa mwaka 2002: alama zilizosogezwa katikati ya mwambaa kazi, pembe za madirisha zilizoviringwa, na menyu ya Anza iliyobadilishwa. Wapo waliopendezwa, na wapo walioona ni Windows 10 iliyovishwa kanzu mpya. Baada ya tangazo rasmi uzito wa mjadala ulihamia kwenye swali kubwa zaidi: ni kompyuta zipi zitakazoruhusiwa, kwa kuwa mfumo ulidai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na vichakataji vya miaka ya karibuni. Kwa nchi zetu, ambako kompyuta za mtumba ni nyingi, hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe.

5. Kiswahili kilikuwa wapi?

Mwaka 2004, Longhorn ilipokuwa ikianzishwa upya, Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta programu zake kwa Kiswahili. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Tofauti ya njia hizi mbili ni muhimu. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP kilivikwa juu ya mfumo wa Kiingereza uliokwisha kuuzwa tangu 2001. Mfasiri alipokea maneno ya kiolesura yaliyokwisha kupangwa. Katika programu huria, msimbo uko wazi, na mfasiri anaweza kuyaona maneno yanapoandikwa na kupendekeza mengine.

Istilahi nazo ni rasimu. Kompyuta na tarakilishi, kipanya, kiteuzi na puku ni matoleo yaliyoshindanishwa mbele ya watumiaji, na hakuna kikao kilichoweza kuamua peke yake lipi litaishi. Istilahi inayomfikia mtumiaji ikiwa imefungwa ndani ya bidhaa hupoteza nafasi hiyo ya kujaribiwa.

6. Hitimisho

Mapokezi ya Longhorn na Windows 11 yanaonyesha kwamba umma wa kawaida husoma kiolesura kabla ya kitu kingine chochote, na kiolesura kwa sehemu kubwa ni lugha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wataalamu wa Kiswahili wana mamlaka nayo. Mlango wa majaribio sasa uko wazi kisheria. Makala haya yanapendekeza kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya lugha na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu viteue vikundi vya kudumu vya wajaribu, vitakavyosoma Kiswahili cha matoleo ya awali na kutuma marekebisho kabla bidhaa haijafungwa. Tukisubiri uzinduzi, kazi itakayobaki kwetu ni kuhakiki makosa yaliyokwisha kusambazwa.