Tusome: Tarikhi Fupi ya Kitabu cha Kila Mtoto

Asimamaye alfajiri katika mtaa wa Fedha, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, huona mabasi madogo ya manjano yakikusanya watoto na kuwapeleka katika shule za kulipia, ilhali watoto wa majirani zao wa Pipeline na Tassia, wakaao katika maghorofa yaliyosongamana hata jua likakosa pa kupenya, hupita kwa miguu na mabegi yao mgongoni, wengine wakielekea shule ya umma iliyofurika, na wengine shule ya mabati iliyofunguliwa na mtu binafsi. Kwa ajili ya hao waendao kwa miguu naandika tarikhi hii ya Tusome, mpango wa taifa wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kusoma, ambao miaka kumi ya kuanzishwa kwake ilitimia mwezi wa Januari 2025. Maana mengi yamefanywa nchini mwetu kwa nia ya kuinua shule dhaifu, walakini ni machache mno yaliyoanza, kama hili lilivyoanza, kwa kuuliza kama mtoto aliyeketi darasani anaweza kusoma.

Chanzo chake ni neema iliyokuja na mzigo wake. Mwezi wa Januari 2003, serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda katika mwaka mmoja kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na watoto waliokuwa wakizurura wakapata haki yao. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, wala madawati, wala vitabu. Na wazazi wenye uwezo, badala ya kuketi katika kamati za shule na kudai yaliyopunguka, aghalabu waliwaondoa watoto wao wakaenda kununua elimu kwingine. Siwalaumu kwa kuwapenda watoto wao, ila nasema wazi kwamba kuondoka kwao kuliinyima shule ya umma sauti ambayo ingesikilizwa.

Madhara yake yalidhihirika pale watafiti wa mpango wa Uwezo walipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wakakuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu tu walioimudu. Wizara ya Elimu, ikisaidiwa na fedha za Marekani na Uingereza, ilikuwa tangu 2011 imeanza mpango wa majaribio ulioitwa PRIMR, ambao haukuziacha nje zile shule za mabati za Nairobi, jambo ambalo lastahili kushukuriwa, kwa kuwa mipango ya serikali ilikuwa imezoea kuzipita kana kwamba waliomo si watoto wa Kenya. Huko Kisumu walijaribu hata vifaa vya kielektroniki, mahali pengine wakiwapa wanafunzi, mahali pengine walimu, mahali pengine wakufunzi wao. Na walipopima waliona kwamba gharama ilizidi lakini usomaji haukuzidi ule wa shule zilizopewa vitabu, miongozo na wakufunzi wenye kuwatembelea walimu. Ilihitaji ujasiri kulikubali jibu hilo, katika zama ambazo kila mwanasiasa alikuwa akiahidi mashine.

Basi Tusome ilipoanza 2015, chini ya Wizara na kwa utekelezaji wa shirika la RTI International, ilizienea shule za umma zaidi ya elfu 20 pamoja na shule za mabati zipatazo elfu moja, na msingi wake ulikuwa mwepesi kuueleza: kila mtoto kitabu chake mwenyewe, si kimoja kwa watatu; kila mwalimu mwongozo wa somo la kila siku; na kila mwalimu kutembelewa. Hili la mwisho ndilo roho ya kazi yote. Mkufunzi, ambaye zamani alizoeleka kama karani wa kusambaza nyaraka, sasa aliingia darasani, akaketi nyuma, akalisikiliza somo hadi mwisho, kisha akawaita wanafunzi watatu wasiochaguliwa na mwalimu, akawasomesha, akaandika matokeo katika kishikwambi chake kilichoonyesha pia mahali alipo, ndipo akazungumza na mwalimu faraghani juu ya alichokiona. Nauli yake ilifuata ziara zilizothibitishwa, wala si ziara zilizosimuliwa.

Kipimo kiliwekwa: mwisho wa darasa la pili, maneno 65 kwa dakika ya Kiingereza, na 45 ya Kiswahili. Asidhani msomaji kwamba lugha yetu ilidharauliwa. Neno moja kama "hatutawasomea" limebeba yale ambayo Kiingereza huyatandaza kwa maneno sita. Baada ya mwaka mmoja hivi, watoto wasioweza kusoma hata neno moja walikuwa wamepungua sana, ingawa wengi walikuwa bado hawajakifikia kipimo hicho, na ni haki yaandikwe yote mawili.

Mwezi wa Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lililokuwa limeifadhili Tusome, lilifungwa. Lakini wakufunzi wa shule za umma wameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, nao wangalipo. Wakufunzi wa shule za mabati, kwa upande wao, walilipwa na mradi.

Nawe mzazi wa Fedha, wa Tassia au wa Pipeline usomaye haya, mwite leo jioni mwanao wa gredi ya pili, umpe ukurasa wa Kiswahili asioujua, ushike saa kwa dakika moja, uhesabu maneno. Na yakipungua 45, kesho asubuhi nenda shuleni ukamwone mwalimu wake.