Cub Cadet (trekta la bustani)

Cub Cadet ni trekta dogo la bustani lililoingizwa sokoni mwaka 1961 na kampuni ya International Harvester ya Marekani, na kuundwa Louisville, Kentucky. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya Kohler ya silinda moja, yenye nguvu ya farasi 7, na giaboksi iliyotokana na ile ya Farmall Cub, trekta halisi la shamba. Uimara wake unatoka hapo, na ndiyo maana mengine yanalima hadi leo. Mwaka 1981 biashara hiyo iliuzwa kwa kampuni ya MTD.

Fundi makini anayefufua trekta kuukuu la aina hii huanza na injini, si rangi. Husafisha kabureta, huondoa kutu ndani ya tangi la mafuta na kurekebisha platini za mfumo wa kuwasha ziachane takriban milimita 0.5; zikiungua, cheche hudhoofika na injini hukataa kuwaka. Kwa kuwa bloku ya injini ni ya chuma cha kusubu, silinda iliyolika huchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Uwezo huo wa kukarabatiwa ndio sifa kuu ya injini hiyo.

Trekta hili hufungwa mashine ya kukatia nyasi chini ya tumbo, bamba la kusukumia theluji mbele, au plau nyuma. Wakati wa kulima, gurudumu la kulia hupita ndani ya mfuo uliokwisha kulimwa, hivyo trekta huinama upande. Plau lisiporekebishwa kufuata mwinamo huo, udongo haupinduki vizuri. Vyuma vizito huongezwa magurudumuni yasiteleze.