Kuunganisha kompyuta za biashara ndogo na intaneti kwa usalama

KUUNGANISHA kompyuta za ofisi na intaneti ni sawa na kufungua mlango wa duka unaotazama barabara kuu. Wateja hupita humo, na wezi nao huuona. Tofauti ni kwamba mwizi wa mtandaoni hana haja ya kufika Kariakoo wala Mombasa; hukaa nchi ya mbali na kuiachia programu yake kazi ya kujaribu vitasa vya milango, kimoja baada ya kingine, usiku na mchana.

Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, biashara nyingi ndogo ziliingia kwenye intaneti kwa saa chache tu, kwa njia ya simu au setilaiti, kutokana na gharama kubwa. Leo hii kompyuta yenye hesabu za duka, orodha ya bidhaa na majina ya wadaiwa inaweza kuwa hewani saa 24. Faida yake ni kubwa, na hatari yake pia.

Madhara ya uzembe yalidhihirika Mei 12, 2017, kiliposambaa kirusi kilichopewa jina la WannaCry. Kirusi hicho kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali nchini Uingereza, na kudai fidia ya dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta. Kilipenya kupitia ufa katika programu ya Windows, sehemu inayotumika kugawana mafaili kati ya kompyuta za ofisi moja. Linalosikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha ufa huo Machi 14 mwaka huo, takriban miezi miwili kabla. Waliodhurika walikuwa wale ambao hawakukiweka.

Hatua ya kwanza ni ruta

Kifaa cha kwanza cha kuangaliwa ni ruta, yaani kile kinachopokea intaneti na kuigawa ofisini. Ruta huzipa kompyuta anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na tarakimu 192.168. Anwani hizo hazipitishwi kwenye intaneti, hivyo mtu wa nje hawezi kuzifikia moja kwa moja. Ndani ya ruta nyingi pia mna kinga iitwayo fayawoli, ambayo huzuia maombi yanayotoka nje bila kuitwa. Kinga hiyo iachwe ikifanya kazi, na ile iliyomo ndani ya kila kompyuta vilevile.

Hata hivyo, kinga yote hiyo ni bure iwapo ruta inatumia neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka idadi kubwa ya ruta na kamera za ulinzi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani. Mwenye duka abadilishe neno hilo siku ileile kifaa kinapofungwa.

Kwa upande wa Wi-Fi, usimbaji uwe wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulishathibitika kuvunjika tangu mwaka 2001 na haufai tena. Aidha, wateja wanaosubiri huduma wasipewe mtandao uleule wa kompyuta ya hesabu. Ruta nyingi zina uwezo wa kutoa mtandao wa pili wa wageni, na kamera za ulinzi nazo ni vyema ziwekwe huko pembeni.

Kufanya kazi kutoka mbali

Wafanyabiashara wengi hupenda kutazama mauzo wakiwa nyumbani au safarini. Hapo ndipo mafundi wengine hufungua mlango namba 3389, unaotumika kuendesha kompyuta ya Windows kutoka mbali, na kuuacha wazi kwa dunia nzima. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazopendwa na wanaodai fidia. Njia iliyo salama zaidi ni kutumia VPN, yaani kupitisha mawasiliano katika mfereji uliosimbwa ambao mtu huuingia baada ya kuthibitisha kuwa ni yeye, kwa neno la siri pamoja na namba ya mara moja inayotolewa na simu yake.

Usipoziba ufa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kompyuta usemi huo ni kweli tupu. Masasisho ya programu yaruhusiwe kuingia yenyewe, na ya ruta yasisahauliwe. Kompyuta zenye programu isiyopewa tena viraka ziondolewe mtandaoni: huduma ya kawaida ya Windows 7 ilikoma Januari 14, 2020, na ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Programu za wizi zinazouzwa kwa bei ya kutupa nazo ni mtego, kwani mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Kila mfanyakazi awe na jina na neno lake la siri, na kazi za kila siku zisifanywe kwa akaunti yenye mamlaka yote. Mtu anapoacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Wafanyakazi wafundishwe pia kutofungua kiambatisho cha barua pepe wasichokitarajia, na kumpigia simu msambazaji wa bidhaa kwa namba wanayoifahamu pindi ujumbe unapodai kuwa akaunti yake ya benki imebadilika.

Ngao ya mwisho ni nakala za akiba. Kumbukumbu zinakiliwe kila siku kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuwekwa mahali pengine, kwa sababu kirusi cha fidia hufunga pia diski kinayoikuta imechomekwa. Mara moja kwa mwezi ijaribiwe kurejesha faili, maana nakala isiyofunguka si nakala.

Jambo hili si la hiari ya mwenye duka peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mteja aliyeacha jina na namba yake ya simu dukani ameacha amana, na amana hutunzwa.