Ramani ya jengo inapohama kutoka programu moja kwenda nyingine: nini hupotea njiani

Msikilizaji wetu mmoja, mjumbe wa kamati ya ujenzi wa maabara ya shule, alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Mhandisi aliyewachorea ramani amehamia mkoa mwingine. Msingi umeshamwagwa na nguzo zimefika usawa wa linta. Ramani ya awali ilikuwa ya jengo la chini lenye kenchi na bati, lakini sasa kamati inataka kuweka ghorofa moja juu. Mhandisi mpya yuko tayari kupiga hesabu, ila mkononi wana karatasi zilizochakaa na picha mbili za ramani kwenye simu. Amewaambia itabidi kuchora upya, na kuchora upya kuna bei yake.

Swali lake lilikuwa fupi: "Ramani si ipo kwenye kompyuta ya yule wa kwanza? Kwa nini asimtumie mwenzake tu?"

Kumtumia anaweza. Shida ni kwamba faili ya ramani si kama wimbo wa MP3, ambao ukiurusha simu yoyote huupiga. Kila programu ya uhandisi ina namna yake ya kuhifadhi jengo. Ramani inapotolewa kwenye programu moja na kufunguliwa kwenye nyingine, kuna vitu hufika salama, kuna vinavyofika vimepinda, na kuna visivyofika kabisa. Hatari kubwa ni pale ambapo skrini inaonyesha ramani nzuri, na aliyeifungua hajui kilichobaki nyuma.

Nguzo moja, maisha matatu

Tuchukue nguzo moja ya zege ya ile maabara. Kwenye programu ya kuchora kama AutoCAD, nguzo hiyo kwa kawaida ni mistari minne inayofanya mraba. Programu haijui kwamba ni nguzo. Inajua mistari tu.

Kwenye programu ya modeli, kama Tekla Structures au Revit, nguzo ni kitu kamili. Ina jina, ina kimo, imeandikwa ni zege la aina gani, na ndani yake zimo nondo na ringi zake, kila moja na kipenyo chake. Ukiivuta nguzo, michoro yote inayoihusu hubadilika nayo.

Kwenye programu ya kukokotoa nguvu, kama ETABS au SAP2000, nguzo ileile inakuwa mstari mmoja tu usio na unene, umepita katikati ya nguzo halisi. Unene umeandikwa pembeni kama sifa yake. Kilicho muhimu hapo ni mzigo unaoshuka juu yake na namna ilivyoshikwa chini.

Kwa hiyo mhandisi anaposema "nimekutumia ramani", lazima uulize ni ipi kati ya hizo tatu. Mhandisi mpya wa ile maabara anahitaji zaidi ile ya tatu, na nondo za ile ya pili. Kinachotumwa mara nyingi ni ile ya kwanza.

Faili utakazosikia zikitajwa

DWG ndiyo faili ya asili ya AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982. Kwa kuwa watu wengi waliitumia, programu nyingine nazo zikajifunza kuisoma, na mwaka 1998 yakaungana makampuni kuunda umoja ambao leo unaitwa Open Design Alliance ili faili hiyo isomeke nje ya AutoCAD. Ndugu yake ni DXF, iliyobuniwa makusudi kwa ajili ya kupeana michoro kati ya programu tofauti. DXF ya kawaida ni maandishi matupu: ukiifungua kwa programu ya kusomea maandishi utaona safu ndefu ya namba na maneno, na humo ndimo mistari yote imeelezwa.

IFC ni tofauti. Hii haibebi mistari, hubeba vitu: nguzo, bimu, slabu, ukuta, na maelezo yake. Haimilikiwi na muuzaji wa programu yoyote, na tangu mwaka 2013 imekubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, namba ISO 16739. Programu kubwa za modeli huisoma na kuiandika. Lakini ijulikane kwamba IFC inafaa zaidi kwa kuangalia na kulinganisha, mathalani kuona kama bomba la maji linapita ndani ya bimu. Nguzo iliyofika kwa IFC mara nyingi hukaa kama jiwe: unaiona, unaipima, ila kuibadilisha ni kazi.

PDF kila mtu anaijua. Ni karatasi iliyo kwenye simu. Kwa kusoma haina mpinzani, kwa kuendeleza ramani haisaidii sana.

Kipimo ndicho huuma zaidi

Makosa mengi ya kuhamisha ramani huanzia kwenye kipimo. Wahandisi wetu wengi huchora kwa milimita, kwa hiyo mita 6 huandikwa 6000. Ndani ya faili inakaa namba 6000 peke yake. Kama hiyo ni milimita au inchi huelezwa mahali pengine mwanzoni mwa faili, na mahali hapo mara nyingi pameachwa wazi au pamejazwa vibaya. Programu ya upande wa pili ikidhani ni inchi, ukuta wa mita 6 unakuwa mita 152.4.

Kosa la ukubwa huo halimpiti mtu. Linalopita ni dogo na la kimyakimya. Karatasi moja ya ramani huwa na michoro ya vipimo tofauti: ramani nzima imechorwa kwa 1:100, na pembeni kuna mchoro wa nguzo kwa 1:20 ili nondo zionekane. Nguzo ya milimita 300 kwa 1:20 inachukua milimita 15 kwenye karatasi. Sasa karatasi hiyo ikitolewa kama DWG na kukuzwa yote mara 100, ramani nzima inakuwa sahihi, lakini ile nguzo ya pembeni ukiipima kwa kompyuta inasoma 1500. Maandishi pembeni yake bado yanasema 300. Ndiyo maana mafundi wa zamani husema fuata namba iliyoandikwa, usipime mstari, na kwenye kompyuta neno hilo lina uzito uleule.

Kuna na suala la mahali jengo lilipo duniani. Mpimaji ardhi akileta kiwanja kwa vipimo vya UTM, huku kwetu kusini mwa ikweta hesabu ya kaskazini huanzia mita 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kadiri unavyoshuka. Kiwanja kinapata namba ya mamilioni ya mita, na ukiigeuza milimita inakuwa mabilioni. Programu kadhaa hulemewa na namba hizo: mistari inacheza kwenye skrini, kona hazikutani. Wahandisi wazoefu huliweka jengo karibu na sifuri, kisha wanaandika pembeni limesogezwa kiasi gani. Yule anayepokea asipopewa maandishi hayo, jengo lake na barabara ya mwenzake havitakutana.

Vinavyobaki nyuma

Nondo ndizo tunazozihofia zaidi. Modeli yenye nondo ikitolewa kwa DWG, nondo huwa mistari, na kama aliyetoa faili hakuchagua ziende, haziendi. Kwa IFC pia ni kuchagua. Mizigo na hesabu za nguvu hazipandi kabisa kwenye DWG wala DXF. Hapo hakuna ujanja. Inabidi kutumwa faili ya programu ileile au taarifa ya mahesabu iliyoandikwa.

Kwenye majengo ya chuma kuna tatizo la majina. Boriti ileile programu moja inaiandika kwa mtindo wa Uingereza, nyingine kwa wa Ulaya bara. Jina lisipotambuliwa, programu inaweza kuweka boriti nyingine au ikaacha mstari mtupu, na anayepokea asipokagua orodha, chuma kitaagizwa kisicho chenyewe.

Mengine ni madogo lakini yanachosha. Mwandiko ukikosekana kwenye kompyuta ya pili, maneno yanapanda juu ya mistari. Ramani iliyounganishwa na faili nyingine inafika ikiwa na tundu pale ambapo faili hiyo haikuambatanishwa. Na faili iliyohifadhiwa kwa toleo la 2018 haifunguki kwenye AutoCAD ya 2013. Mwenye programu mpya anatakiwa aihifadhi kwa toleo la nyuma kabla ya kutuma.

Mtu asidhani haya ni matatizo ya vijijini tu. Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikadiria kwamba programu kutoelewana kulikuwa kukiugharimu ujenzi wa majengo makubwa na viwanda nchini humo dola bilioni 15.8 kwa mwaka. Na kwenye ndege kubwa ya Airbus A380, wahandisi wa Hamburg huko Ujerumani walitumia toleo la 4 la programu ya CATIA, wale wa Toulouse huko Ufaransa wakawa na toleo la 5. Mafungu ya nyaya za umeme yalipofika kufungwa, hayakutosha kwenye njia zake. Ndege moja ina takribani kilomita 530 za nyaya. Matatizo hayo ya nyaya yalichangia sana ndege hiyo kuchelewa kwa takribani miaka miwili, na ya kwanza ikakabidhiwa Oktoba 2007. Hiyo ilikuwa kampuni moja, programu moja, matoleo mawili.

Kamati iombe nini

Ushauri wetu ni kuliweka jambo hili kwenye makubaliano kabla ya malipo ya mwisho. Ombeni PDF ya kila karatasi, DWG iliyohifadhiwa kwa toleo la nyuma pamoja na faili zote zilizounganishwa nayo, na taarifa ya mahesabu. Kama mhandisi alitumia modeli, ombeni na IFC, na faili yenyewe ya programu. Aandike kwenye ujumbe kipimo alichotumia na jina la programu na toleo lake. Ni mistari miwili tu.

Baadhi ya wahandisi hukataa kutoa faili inayoweza kubadilishwa, na hatuwalaumu moja kwa moja. Mtu anaweza kupunguza nondo kwenye faili, jina la mhandisi likabaki palepale. Njia ya kati ni kukubaliana kwamba faili ni ya kazi tu, na fundi atajenga kwa karatasi yenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Akija mhandisi mwingine akabadilisha, muhuri unakuwa wake na dhamana inakuwa yake.

Mkizipokea kwa WhatsApp, zitumwe kama hati, si kama picha. Picha hubanwa na namba ndogo za nondo hazisomeki tena. Hati hufika kama ilivyo. Kisha fanyeni jaribio moja: chagueni urefu mnaoujua, tuseme umbali wa nguzo mbili mliopima kwa futi kamba pale saiti, mwombeni mhandisi mpya aupime kwenye faili mbele yenu. Halafu ahesabu nguzo kwenye faili, nanyi mhesabu kwenye PDF. Nakala moja ikae kwenye barua pepe ya shule na nyingine kwenye flashi, maana simu ya mwenyekiti huanguka mtoni.

Kuhusu ile maabara, tulimpigia tena mjumbe wetu Jumatatu. Mhandisi wa kwanza alipatikana na alituma DWG na PDF siku hiyohiyo. Umbali wa nguzo ulikubaliana na futi kamba. Mahesabu hayakuwemo, kompyuta ya zamani imekufa nayo, na mchoro wa msingi una mistari bila vipenyo vya nondo. Mhandisi mpya amewaambia wachimbe kando ya nguzo mbili za kona apime upana na unene wa msingi, kabla hajasema lolote kuhusu ghorofa. Walipopokea simu yetu walikuwa wamefika futi tatu.