Kilichojificha Nchani

Babu yangu alichungia ng'ombe kandokando ya mapori ya Itigi, mkoani Singida. Ng'ombe akiumwa na mbung'o mwenye nagana, homa ilipanda, ikashuka, akarudi kula. Sisi watoto tulishangilia. Babu alinyamaza, maana alijua homa itarudi. "Hauondoki huu," alisema, "unajificha tu." Msimu mmoja tulipoteza ng'ombe saba.

Nilipokua nilitaka kujua unajificha wapi.

Ukitoka Singida kwenda Shinyanga kupitia Nzega, unafika Tinde. Enzi za Mwingereza palikuwa na maabara ya malale, ndugu wa nagana anayeshika binadamu. Katika miaka ya 1930 Dkt. J. F. Corson alianza kupitisha vimelea vya malale kutoka mnyama hadi mnyama kwa kutumia mbung'o. Alitaka kujua kama vikiishi muda mrefu kwa wanyama vitapoteza uwezo wa kumwambukiza mtu. Ripoti ya 1955 ilieleza miaka 18 ya kazi hiyo: uwezo ulikuwa bado upo. Lakini darubini za Tinde hazikuweza kuonyesha maficho.

Mwaka 1938 Hermann Muller, aliyechunguza inzi wa matunda, aliipa ncha ya kromosomu jina la telomea. Mwaka 1984 Elizabeth Blackburn na Peter Challoner walisoma ncha za kimelea cha kundi hili, Trypanosoma brucei, wakakuta herufi sita zikijirudia: TTAGGG. Mwaka 1988 ncha za kromosomu za binadamu zikasomwa. Herufi zilikuwa zilezile.

Ncha tupu ni hatari. Seli huiona kama DNA iliyokatika, ikaacha kugawanyika, au ikaunganisha kromosomu mbili kwa makosa, na mwishowe ikafa. Ndiyo maana protini hukaa juu ya ncha kama kifuniko. Kwetu mojawapo huitwa TRF2. Ikiondolewa, ncha huungana. Mwaka 2005 Bibo Li na wenzake waliripoti kuwa kimelea nacho kina protini ya ukoo huo, na kikiikosa hakiwezi kuendelea kukua.

Maficho yako hapo hapo. Kimelea huvaa koti la protini, na kina jeni nyingi za makoti ya aina mbalimbali. Jeni ya koti linalovaliwa hukaa jirani na telomea. Kinga ya ng'ombe ikilitambua koti hilo, vimelea vichache huwa vimeshavaa jingine, na homa inaanza upya. Mwaka 2009 kundi la Li lilionyesha kuwa protini nyingine ya nchani, RAP1, ndiyo inayonyamazisha makoti yasiyo na zamu. Ikipungua, jeni nyingi za makoti huamka kwa pamoja, na kimelea hushindwa kustawi.

Kwa hiyo kifuniko kinachokiweka hai ndicho pia kinachokificha. Dawa ya kukivunja ingekuwa na kazi ngumu: kuharibu chao bila kugusa chetu, ilhali vyote viwili vinalinda herufi zilezile sita.

Babu alifariki kabla sijayasoma haya. Ningemwambia alikuwa sahihi: ulikuwa umejificha, nchani kabisa, mahali ambapo sisi nasi tunalinda uhai wetu.